Kabla ya Koleo na Baada Yake

Kishubakani mwa nyumba ya bibi yangu, mjini Wete katika kisiwa cha Pemba, kilikaa kichupa cha rangi ya buluu kilichojaa karafuu kavu, zilizochaguliwa moja moja zikiwa na vichwa vyake kamili, ambazo hazikuwekwa kwa pilau wala kwa chai bali kwa ajili ya meno peke yake. Mtu yeyote wa nyumba ile aliyeshikwa na jino usiku wa manane alipewa karafuu moja, akaambiwa aitafune kidogo kwa upande ulio mzima, aisogeze kwa ulimi mpaka juu ya gego linalouma, kisha afumbe kinywa na kutulia. Ulimi uliwaka kwanza. Baadaye ufizi ukafa ganzi polepole, maumivu yakarudi nyuma kama maji yakupwapo, na usingizi ukapatikana. Lakini bibi hakumwacha mgonjwa alale bila ya wasia. "Mjukuu wangu," alikuwa akisema, "karafuu imelinyamazisha, haikuliponya. Kukicha utafute wa kulitazama."

Maneno hayo hunirudia kila nisomapo tarehe ya kung'oa jino, kwa kuwa tarehe hiyo aghalabu husimuliwa kwa njia ya vyombo: koleo hili lilitanguliwa na lile, na lile likarithiwa na jingine, kana kwamba jambo lililowapungukia wanadamu kwa maelfu ya miaka lilikuwa ni chuma kizuri na mkono wenye nguvu. Mimi naona kinyume chake. Mkono wenye nguvu ulikuwapo tangu zamani katika kila taifa, na jino lililotakiwa litoke lilitoka, ama zima ama vipande vipande. Kilichokosekana ni subira ya kabla, yaani kumjua mgonjwa, kulijua jino lenyewe na kuyatuliza maumivu. Na ulezi wa baada, yaani kulitunza tundu mpaka lijifunge. Kila hatua ya heri iliyopigwa katika kazi hii ilipigwa katika wakati mmoja wa hizo mbili, ambazo baina yake koleo hufanya kazi kwa dakika chache tu.

Ujinga wa kwanza ulikuwa katika sababu ya maradhi. Watu wa Babeli ya kale waliandika juu ya kigae cha udongo hadithi ya mdudu aliyeiomba miungu impe makao baina ya jino na ufizi, na itikadi hiyo ikatembea dunia nzima. Hata Ibn Sina, tabibu ambaye Kanuni yake ilisomwa mashariki na magharibi kwa karne nyingi, alieleza namna ya kufukiza kinywa kwa moshi wa mbegu ili mdudu huyo atoke. Na sisi wa pwani mpaka leo husema kuwa jino limeliwa na mdudu. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake kikubwa juu ya matibabu ya meno, alieleza kuwa alimtafuta mdudu huyo kwa hadubini asimwone. Na mwaka 1890 Willoughby Miller, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alibainisha kuwa vijidudu vilivyomo kinywani hula mabaki ya sukari na wanga, vikatoa asidi inayolimong'onyoa jino polepole. Kabla ya elimu hiyo kupatikana, mtu aliyemwamini mdudu hakuwa na la kufanya ila kumfukuza kwa moshi, au kumtoa pamoja na nyumba yake.

Katikati ya zama za itikadi hizo alitokea mtu mmoja ambaye maagizo yake, mtu ayasomapo leo, hushangaa kwa jinsi yalivyo karibu na yale ya hospitali zetu. Huyu ni Abulqasim az-Zahrawi, aliyezaliwa takriban mwaka 936 huko Madinat az-Zahra, karibu na Kordoba katika nchi ya Andalusi, na ambaye alitunga At-Tasrif, kitabu chenye makala 30, ya mwisho ikiwa juu ya upasuaji, pamoja na michoro ya vyombo alivyovitumia. Katika mlango wa kung'oa meno, agizo lake la kwanza si la kung'oa bali la kungoja: jino litibiwe kwa kila hila kabla ya kuondolewa, kwani ni johari tukufu ambayo ikishatoka hakuna cha kukaa mahali pake. Maneno hayo hayakutoka kwa mtu asiyejua kutengeneza badala, kwa kuwa yeye mwenyewe alieleza jinsi ya kuyafunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu, na jinsi ya kuchonga jino katika mfupa wa ng'ombe na kulitia katika pengo. Walakini alijua kipimo cha badala, kama walivyokijua wazee wetu waliosema kuwa jino la pembe si dawa ya pengo.

Agizo la pili ni kuhakikisha. Az-Zahrawi alionya kuwa maumivu humdanganya mgonjwa, akaonyesha jino zima kwa kudhani kuwa ndilo linalomuuma, likang'olewa, na maumivu yakabaki pale pale mpaka ling'olewe lile lenye ugonjwa. Na jambo hilo alisema amelishuhudia likitendwa na vinyozi. Jino likishahakikishwa, ufizi ukatwe kulizunguka jino lote, kisha litikiswe kwa vidole au kwa koleo dogo, polepole, mpaka lilegee; ndipo koleo kubwa lilishike kwa nguvu, kichwa cha mgonjwa kikiwa kimedhibitiwa baina ya magoti ya tabibu, na jino livutwe kwa unyofu lisije likavunjika. Na jino lenye tundu lijazwe kwanza kitambaa ndani yake, kilichoshindiliwa, ili lisipasuke chini ya meno ya koleo. Mtu aliyefikiri kulijaza kitambaa jino ambalo baada ya dakika chache litatupwa alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake madhara ya kipande cha mzizi kilichobaki ndani ya taya.

Wala kazi haikuishia hapo. Mgonjwa alipewa siki na chumvi asukutue. Na damu ikizidi kutoka, tundu lilijazwa unga wa madini wenye kuikausha. Kwa hao wasiofuata taratibu alikuwa na maneno makali, akiwataja vinyozi wajinga waliowaletea watu balaa kubwa, kwa kuvunja meno na kuiacha mizizi, au kwa kulitoa jino pamoja na kipande cha mfupa wa taya. Nikiyapanga maagizo yake yote, nakuta kuwa kung'oa kwenyewe kumechukua sehemu ndogo tu, na sehemu kubwa imegawanywa baina ya kabla na baada.

Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini mjini Toledo katika karne ya 12, kwa mkono wa Gerard wa Cremona, na madaktari wa Ulaya wakakisoma kwa karne kadhaa. Lakini msiba ulikuwa huu, kwamba waliokisoma siyo waliolishika koleo. Daktari mwenye elimu aliona kung'oa jino ni kazi ya chini ya hadhi yake, akawaachia vinyozi na watu wa masoko. Hao walisimama juu ya majukwaa katika siku za gulio, wakafuatana na wapiga ngoma na tarumbeta, ambao kelele zao ziliwavuta wateja na kuzifunika sauti za wanaolia. Jijini Paris, mwanzoni mwa karne ya 18, mng'oa meno aliyeitwa Thomas Mkubwa alijulikana na wote waliopita katika daraja la Pont Neuf. Vyombo vyao vilikuwa vya nguvu na vya pupa: mwari, ambao uliitwa kwa jina la ndege huyo kwa kufanana na mdomo wake, ulilipindua jino kwa upande, na ufunguo wa meno, uliovumbuliwa katika karne ya 18, ulilizungusha jino kama mtu afunguaye kitasa, na mara nyingi ukalivunja, au ukaupasua mfupa uliolishika. Baada ya kazi hiyo mgonjwa alitema damu chini, akalipa, akaenda zake. Na yale yaliyompata nyumbani siku ya tatu au ya nne hayakumhusu aliyemng'oa, ambaye siku hiyo alikuwa ameshafika mji mwingine. Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 1840, pale John Tomes, daktari wa meno wa London, alipobuni makoleo yaliyochongwa kwa kufuata umbo la kila jino, la chonge mbali na la gego mbali, ili chuma kilikumbatie jino shingoni mwake badala ya kulishika popote.

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki kung'oa jino hakukuwa siku zote jambo la ugonjwa. Wamasai waliyaondoa meno mawili ya mbele ya taya la chini, na Wajaluo waliyaondoa meno sita ya taya hilo hilo, kwa chuma na bila ya dawa ya kutuliza, na kijana aliyeketi kimya mpaka kazi ikaisha alihesabiwa kuwa amevuka daraja moja la utu uzima. Juu ya sababu yake yamesimuliwa mengi, na mojawapo, inayosimuliwa sana juu ya Wamasai, ni kuwa mtu akishikwa na pepopunda, taya likajifunga lisifunguke, lile pengo hubaki kuwa njia ya kumnywesha maziwa au uji. Kung'oa huku kulikuwa na matayarisho yake, nayo ni matayarisho ya moyo: kijana alikuwa amewaona wakubwa wake wakipita njia ile ile, amejua siku yake itafika, na siku ilipofika alisimamiwa na watu wake. Sisemi hayo ili kuitukuza au kuilaumu ada hiyo; nayasema kwa kuwa hofu ni nusu ya maumivu, na jamii hizo zilijua kuishughulikia hofu kwa namna ambayo majukwaa ya masoko ya Ulaya hayakuijua.

Nusu ya pili, yaani maumivu yenyewe, ilishindwa kwa njia ya jino, na hii ni fadhila ambayo jino limeifanyia mwili mzima. Mnamo mwezi wa Desemba mwaka 1844, mjini Hartford nchini Marekani, daktari wa meno Horace Wells alihudhuria maonyesho ambapo watu walivutishwa gesi ya nitrasi oksaidi wapate kucheka na kurukaruka, akamwona mmoja wao ameumia mguu wala hana habari. Kesho yake Wells akaivuta gesi hiyo mwenyewe, akamwachia mwenzake, John Riggs, kumng'oa gego lake, na alipozinduka alikuwa hakusikia kitu. Mwezi wa Januari uliofuata alijaribu kuyaonyesha hayo mbele ya madaktari wa Boston; mgonjwa akalia kabla ya jino kutoka, wasikilizaji wakamzomea, na Wells akarudi kwao amevunjika moyo, mpaka akajiua mwaka 1848 katika jela ya New York. Lakini mlango alioufungua haukufungwa tena. Tarehe 30 Septemba 1846, William Morton, aliyewahi kushirikiana naye kazi, alimng'oa jino Eben Frost kwa kumvutisha etha pasipo maumivu. Na tarehe 16 Oktoba mwaka huo, katika hospitali kuu ya Massachusetts, etha hiyo ilitumika katika upasuaji mbele ya hadhara, na tangu siku hiyo kisu cha daktari hakikuwa tena kitu cha kumfunga mgonjwa kamba.

Hata hivyo, kumlaza mtu usingizi mzito kwa ajili ya jino moja kulikuwa na hatari yake, na njia ya tatu ilihitajika. Mwaka 1884, mjini Vienna, Karl Koller aligundua kuwa kokeini huondoa hisia za jicho, na haukupita muda William Halsted wa New York akaidunga karibu na mshipa wa fahamu wa taya, sehemu yote ikafa ganzi hali mtu yu macho. Kokeini, kwa sumu yake na kwa jinsi inavyowateka wanaoitumia, ilirithiwa mwaka 1905 na prokeini ya Mjerumani Alfred Einhorn, nayo ikarithiwa na lidokeini, iliyotengenezwa mwaka 1943 huko Uswidi na Nils Löfgren, ambayo hata leo imo katika sindano za madaktari wetu. Kiswahili hakikuhitaji kuazima neno la kulitaja jambo hilo. Mtoto aliyekula embe bichi kwa chumvi, au aliyefyonza ukwaju mpaka akachoka, alikuwa akisema tangu zamani kuwa meno yamefanya ganzi. Na neno hilo la watoto na la miembeni ndilo lililochukuliwa likapewa sindano, mpaka tukasema ganzi tukimaanisha rehema kubwa kuliko zote zilizoingia katika chumba cha upasuaji.

Sasa niirudie karafuu. Mti huu si wetu kwa asili. Kwao ni visiwa vya Maluku, na uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said bin Sultan, aliyeyahamishia makao yake Unguja kutoka Maskati takriban mwaka 1840, ndiye aliyeieneza mikarafuu katika mashamba ya visiwa hivi. Na kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mingi ya Unguja, Pemba, iliyosalimika kwa sehemu kubwa, ikawa ndiyo nyumba ya karafuu. Si haki kuisifu karafuu na kuisahau mikono iliyoichuma: mashamba hayo yalipandwa na kupaliliwa na watumwa, mpaka mwaka 1897 utumwa ulipoondolewa katika sheria ya Zanzibar, na mtu wa Ulaya aliyetulizwa jino kwa tone la mafuta ya karafuu alitulizwa kwa jasho la watu asiowajua. Mafuta hayo hukenekwa kutokana na makonyo na majani, na kiini chake, eujenoli, ndicho kinachoufisha ganzi ufizi na kuvipunguza vijidudu. Madaktari wa karne ya 19 waliyachanganya na unga wa oksidi ya zinki, wakapata lahamu ya kutuliza ambayo ingalipo mpaka leo. Na katika mambo wanayoyatibu kwayo limo lile lililoelezwa mwaka 1896 na Mmarekani James Crawford, yaani tundu kavu.

Ili kulifahamu tundu kavu yapasa kujua namna tundu la jino linavyopona. Jino likitoka, damu hulijaza tundu na kuganda, na donge hilo, ambalo mtu asiyejua huliona uchafu, ndilo mlango, ndilo bandeji, na ndiyo mbegu ya nyama mpya. Chini yake mwili hufanya kazi kimya kimya: kwa muda wa wiki tatu au nne ufizi hujifunga kwa juu, na mfupa huendelea kulijaza tundu kwa miezi kadhaa. Donge likitoka kabla ya wakati wake, kwa kusukutua kwa nguvu, kwa kufyonza kwa mrija, kwa kuvuta sigara, basi mfupa hubaki wazi kinywani, na siku ya pili au ya tatu huja maumivu makali kuliko yale ya jino lenyewe.

Hayo nimeyajua kwa nafsi yangu. Gego langu la mwisho, la chini kushoto, lilikuwa limeoza hadi mzizini, na daktari niliyemwendea, binti wa umri wa mwanangu wa tatu, hakuligusa koleo kwa muda wa nusu saa nzima. Alinipima shinikizo la damu; akaniuliza habari za sukari, za moyo, za dawa ninazokunywa na kama mojawapo ni ya kuizuia damu isigande; akaniuliza kama nimekula, nami nilikuwa nimekunywa uji; kisha akanipiga picha ya eksirei, elimu tuliyoipata kwa Wilhelm Röntgen tangu mwaka 1895, akanionyesha mizizi miwili, mmoja umepinda kama kidole. Akaligonga kila jino la upande ule, moja moja, akiniuliza lipi. Nilimkumbuka az-Zahrawi na onyo lake. Sindano ilipokwisha kufanya kazi, nilisikia msukumo tu, na mlio mdogo kama wa ukuni mbichi unaopindwa, na gego likawa sahanini.

Alinipa shashi niiume kwa nusu saa, akaniusia: "Baba, leo usisukutue, usiteme kwa nguvu, usivute sigara, wala usinywe kitu cha moto. Kesho ndiyo uanze maji ya vuguvugu na chumvi, polepole, na kila baada ya chakula." Nilimwitikia, nami nikayavunja yote kabla ya usiku kuingia. Barazani waliponikaribisha kahawa niliinywa ya moto, kwa kuona haya kukataa. Na niliporudi nyumbani nikasukutua maji ya chumvi kwa nguvu, kwa kudhani kuwa heri ikifanywa mapema huwa heri zaidi. Siku ya tatu maumivu yalipanda mpaka sikioni, na usiku ule sikulala.

Nilikuwa na bahati ya kuwa na mtu wa kumrudia, jambo ambalo kwa watu wengi wa nchi zetu si jambo la zamani sana. Mafunzo ya madaktari wa meno katika vyuo vikuu vya Nairobi na Dar es Salaam yalianza katika miaka ya 1970 tu; na pale ambapo daktari hakufika, uganga wa haraka ulikaa mahali pake. Katika miaka ya 1980 ilienea Tanzania hofu ya kile kilichoitwa meno ya plastiki au meno ya nailoni: mtoto mchanga akishikwa na homa na kuharisha, ufizi wake hutazamwa, na ule uvimbe mdogo mahali ambapo chonge litaota hudhaniwa kuwa ndio ugonjwa, ukachokolewa kwa chuma kisichochemshwa. Kilichotolewa kilikuwa ni jino lenyewe, changa na jeupe, lililokuwa likingoja wakati wake. Na watoto walipata kutokwa na damu nyingi, na maambukizo, na wengine wakafa, hali homa iliyowaleta ilikuwa na sababu nyingine na dawa nyingine. Sijui jambo katika tarehe hii linalonitia uchungu zaidi, maana hapo kosa lile lile alilolionya az-Zahrawi zaidi ya miaka elfu iliyopita, la kung'oa kabla ya kuhakikisha, limemfikia asiyeweza hata kusema panapomuuma.

Daktari aliponiona siku ya nne hakunilaumu. Aliliosha tundu kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, akafungua kichupa, na kabla sijaona kilichomo harufu ilinijia, nikawa niko tena Wete, usiku, mbele ya kishubaka. Akachovya kipande chembamba cha shashi, akakilaza ndani ya tundu, na baada ya muda mfupi maumivu yakaanza kurudi nyuma. "Hii hutuliza tu, baba," akasema, "anayeponya ni mwili wako, na safari hii uuache ufanye kazi yake." Niliitikia, na nikatii. Kwa wiki nyingi baada ya hapo ulimi wangu ulikuwa ukilitembelea pengo lile kila nilipolala, ukilikuta kila mara na kina kilichopungua kidogo, mpaka usiku mmoja ukapita juu ya ufizi uliojifunga, laini, usiopokea kitu tena.